Kutoka Mombasa hadi Muheza: mwongozo kamili wa safari fupi ya huduma kwa makanisa yanayovuka mpaka

Makanisa ya Mombasa yalizoea kwa miaka mingi kupokea vikundi vya wageni kutoka ng'ambo, waliokuja kwa wiki moja au mbili, wakafundisha, wakapaka rangi, wakaimba na kuondoka. Siku hizi mengi yanatuma vikundi vyao wenyewe katika nchi jirani, na mwongozo huu ni kwa ajili ya kamati ya misheni inayotaka kuandaa safari ya namna hiyo. Mfano nitakaoufuata ni safari ya siku saba hadi kijiji kimoja cha wilaya ya Muheza, mkoani Tanga, kwa kuwa ni safari ya barabara, ina mpaka mmoja tu, na maswali yake ndiyo yatakayowakuta hata wanaokwenda Uganda, Rwanda au Malawi.

Msimamo wangu niuseme mapema. Kikundi kinachokaa wiki moja hakianzishi kazi wala hakiimalizi. Kinaweza tu kuisogeza kazi ambayo mwenyeji alikwisha kuianza na ataendelea nayo. Historia ya mji wetu inaonyesha hivyo hivyo. Mmisionari Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na mwaka 1846 yeye na Johannes Rebmann wakafungua kituo cha misheni cha Rabai, lakini ushirika wa Rabai ulikuja kukua kwa mikono ya Waafrika waliokombolewa utumwani na kusomeshwa India, walioanza kufika mwaka 1864, na baadaye kwa watu wa Frere Town, makazi ya watumwa waliokombolewa yaliyoanzishwa mwaka 1875 na ambayo kengele yake ndiyo iliyotupatia jina la mtaa wa Kengeleni. Huko Muheza nako, Magila palikuwa na misheni tangu karne ya 19. Anayekwenda huko leo anakuta kanisa lenye wazee wake, taratibu zake na deni lake la mabati, na maandalizi yote yanayofuata yanatokana na kulitambua hilo.

Miezi sita kabla: mwaliko na swali sahihi

Safari isianzie kwenye mkutano wa vijana unaotaka kwenda mahali. Ianzie kwenye barua ya mwenyeji. Barua hiyo iandikwe na kanisa linaloalika, itiwe sahihi na mchungaji pamoja na katibu wa halmashauri ya kanisa, na itaje tarehe, kazi inayoombwa, idadi ya watu wanaoweza kupokelewa na mahali watakapolala. Kama kanisa hilo liko chini ya dayosisi, nakala ifike ofisi ya askofu, maana mchungaji wa kijijini anayepokea wageni wa nje bila wakubwa wake kujua ndiye atakayeulizwa maswali baada ya nyinyi kurudi nyumbani.

Tatizo ni kwamba barua ya namna hiyo hupatikana kwa urahisi kupita kiasi. Watu wetu wa pwani, upande huu wa mpaka na ule, wamelelewa kutomkatalia mgeni, na mratibu anayepiga simu kuuliza kama kikundi chake kinakaribishwa atajibiwa hivi:

"Shikamoo Mchungaji."

"Marahaba, mwanangu. Habari za Mombasa?"

"Njema, baba. Tulikuwa tunafikiria kuja kuwasaidia mwezi wa nane. Mngependa tufanye nini?"

"Njooni tu, mwanangu. Lolote mtakalofanya ni baraka."

Jibu hilo ni la adabu, na bado halijawaambia kitu. Mratibu mwenye busara ataendelea kwa swali jingine: mwezi huo mngekuwa mkifanya nini kama sisi tusingekuja? Hapo ndipo mchungaji atakaposema kwamba wanajenga nyumba ya mwinjilisti na wamefika kwenye linta, kwamba walimu wa shule ya Jumapili ni wawili na wote ni wapya, au kwamba kikundi cha akina mama kinaweka na kukopa lakini daftari lao limevurugika. Mambo hayo matatu ni kazi halisi. Mulizeni pia nani ataendelea nayo mkiondoka, na mwandike jina la mtu huyo, kwa sababu kazi isiyo na mtu wake kijijini ni afadhali isianzwe.

Kuchagua kazi

Pimeni kila pendekezo kwa swali moja: je, kuna mtu wa pale anayeifanya kazi hii kwa malipo au kwa ujuzi kuliko sisi? Kupaka rangi ukuta wa shule kunapendwa na vikundi kwa sababu kila mtu anaweza kushika brashi na picha hutoka vizuri, lakini fundi rangi wa Muheza anaimaliza kazi hiyo kwa muda mfupi na kwa pesa kidogo kuliko nauli ya watu wawili. Ikiwa kazi ni ya ujenzi, mlipeni fundi wa kijijini awe ndiye msimamizi, nanyi mwe vibarua wake: mbebe matofali, mchanganye saruji, mfuate anavyosema. Vifaa vinunuliwe Muheza au Tanga mjini, ili bati likivuja au bomba likipasuka pawepo duka linalouza lile lile. Tangi la maji lililoletwa kutoka mbali na koki ambayo hakuna duka la karibu lenye mfano wake husimama miaka mingi likiwa tupu, na kila anayelipita hulisoma jina la kanisa lililolileta.

Mafunzo ndiyo yanayofaa zaidi wiki moja, mradi yatolewe kwa watakaofundisha wengine. Mwalimu wa shule ya Jumapili mwenye uzoefu kutoka Mombasa akikaa siku nne na walimu wawili wapya, asubuhi wakiandaa somo na jioni wakilifundisha mbele yake, ataacha kitu. Akikusanya watoto mia mbili uwanjani na kuwaimbisha, ataacha vumbi na pipi. Mtunza hazina wa chama naye anaweza kukaa na akina mama juu ya daftari lao, ukurasa kwa ukurasa, hadi salio lilingane na pesa zilizomo kwenye kisanduku.

Kambi ya matibabu inahitaji tahadhari ya pekee. Daktari aliyesajiliwa Kenya hana ruhusa ya kutibu Tanzania bara kwa sababu ya usajili huo tu. Anahitaji kutambuliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, na dawa zinazovushwa mpakani ziko chini ya mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya huko, TMDA. Zaidi ya sheria kuna swali la ufuatiliaji: mgonjwa wa shinikizo la damu akipewa dawa za mwezi mmoja na kikundi kinachoondoka Jumamosi, mwezi wa pili atazitoa wapi? Kama mna wauguzi na madaktari, waulizeni wahudumu wa zahanati ya kijiji wanakosa nini, na huduma yoyote ifanyike chini ya zahanati hiyo, kwa kadi zake na kumbukumbu zake.

Watoto yatima nao wasigeuzwe ratiba. Nchini Kenya Serikali ilisimamisha usajili wa makao mapya ya watoto mwaka 2017, na mkakati wa kitaifa wa 2022 hadi 2032 unalenga kuwarudisha watoto katika familia, kwa sababu malezi ya taasisi huwaumiza na kwa sababu baadhi ya makao yaliendelea kuwepo ili wafadhili wapate mahali pa kuzuru. Kikundi kinachotaka kusaidia watoto kimuulize mwenyeji ni bibi yupi au shangazi yupi anayelea wajukuu bila msaada, kisha msaada upitie kanisani, bila msafara wa wageni kusimama mlangoni kwake.

Idadi ya watu na tarehe

Watu wanane hadi kumi na wawili wanatosha, na sababu yake ni maji. Viwango vya kimataifa vya misaada ya dharura huhesabu lita 15 kwa mtu kwa siku kuwa kiwango cha chini. Watu kumi na wawili ni lita 180, yaani madumu tisa ya lita 20 kila siku, na mahali pasipo na bomba madumu hayo yatabebwa kichwani na mtu, kwa kawaida mama au binti wa familia iliyowapokea. Mkiwa thelathini mtakuwa mzigo kabla hamjafungua mabegi. Hesabu vilevile vyoo, vitanda na masufuria, kisha mlipie maji ya boza au mkokoteni pale inapowezekana.

Kuhusu tarehe, vikundi vya Mombasa hupenda Agosti kwa sababu shule zetu zimefungwa, wakisahau kwamba likizo ndefu ya katikati ya mwaka Tanzania huangukia Juni na mwanzoni mwa Julai. Anayekwenda Agosti kufundisha watoto au walimu wa shule atawakuta wakiwa darasani. Epukeni masika, Machi hadi Mei, barabara za vijijini zinapokuwa tope, na mulize ni lini watu wanavuna, kwa maana mkulima hawezi kuacha mahindi shambani ili ahudhurie semina. Mkoa wa Tanga una Waislamu wengi kama ulivyo mji wetu. Mwezi wa Ramadhani jirani wa kanisa amefunga, na kikundi kinachokula hadharani mchana au kupiga vipaza sauti wakati wa tarawehe kitamwachia mchungaji ugomvi ambao hakuutafuta.

Fedha

Fungueni hesabu ya safari iliyo mbali na mfuko wa kawaida wa kanisa, yenye watia sahihi wawili au watatu, na namba ya malipo ya simu ya kanisa badala ya simu ya mtu binafsi. Watu wakitoa kwenye harambee wawe wameambiwa waziwazi kiasi gani ni cha nauli na chakula cha kikundi, na kiasi gani kinakwenda kwenye kazi yenyewe. Ninapendekeza, kwa msisitizo, kwamba sehemu ya kazi isiwe ndogo kuliko sehemu ya safari. Ikishindikana, kamati ijiulize kwa uaminifu kama haitakuwa bora kutuma watu wawili wenye ujuzi unaohitajika na kuzipeleka fedha zilizobaki kwenye linta ya nyumba ya mwinjilisti. Fulana za sare zenye jina la safari mgongoni nazo ziingizwe katika hesabu hiyo, kisha bei yake ilinganishwe na bei ya mabati.

Wekeni akiba ya dharura isiyopungua sehemu moja ya kumi ya bajeti, isiguswe ila kwa ugonjwa, ajali au gari kuharibika. Fedha za kazi zilipwe kwa hatua na kwa risiti, kupitia hazina ya kanisa mwenyeji. Asiwepo mwanakikundi anayemkabidhi mtu pesa faraghani, hata kwa huruma ya kweli, kwa sababu kesho yake familia tano zitakuwa kwa mchungaji zikiuliza kwa nini zimerukwa. Huruma hiyo ipelekwe kwa mratibu, mratibu azungumze na wazee wa kanisa, nao ndio wanaojua nani ana shida na nani ana maneno.

Mjifunze pia kuhesabu kwa shilingi ya Tanzania kabla ya kuondoka. Noti yao kubwa ni ya shilingi elfu kumi, ambayo haifiki elfu moja ya Kenya, na mgeni asiyezoea ama hushtuka kwa bei ya kawaida ama hutoa bila kufikiri.

Hati za safari

Pasipoti zishughulikiwe mapema kupitia eCitizen, na kila mtu ahakikishe yake ina angalau miezi sita ya uhai baada ya tarehe ya kurudi. Uganda na Rwanda humpokea Mkenya kwa kitambulisho cha taifa, lakini kwa Tanzania safirini na pasipoti. Mtoto wa chini ya miaka 18 awe na hati yake mwenyewe pamoja na barua ya ridhaa ya wazazi wote wawili iliyothibitishwa na wakili.

Mkenya haombi viza kuingia Tanzania, na hapo ndipo wengi hujikwaa, kwa kudhani kwamba kuruhusiwa kuingia ni kuruhusiwa kufanya lolote. Kazi ya kujitolea, kuhubiri na kufundisha vinaweza kuhesabiwa na maofisa kuwa kazi inayohitaji kibali, hata kama hamlipwi. Mwombeni mwenyeji aende ofisi ya Uhamiaji ya mkoa akiwa na orodha ya majina na ratiba, aulize kibali gani kinahitajika na kwa ada gani, na jibu alilete kwa maandishi. Mkiulizwa mpakani mnakwenda kufanya nini, semeni kweli na muonyeshe barua. Mkutano wa injili wa hadhara nao una utaratibu wake wa polisi, na mwombaji awe mwenyeji.

Cheti cha homa ya manjano ni lazima, kwa kuwa Kenya imo katika orodha ya nchi zenye hatari ya ugonjwa huo. Chanjo itolewe katika kituo kilichoidhinishwa, si chini ya siku 10 kabla ya kuvuka, kwa sababu cheti huanza kuwa halali siku ya kumi. Tangu Julai 2016 cheti hicho hudumu maisha yote ya mwenye nacho, hivyo aliyechanjwa zamani atafute kadi yake ya manjano kabla ya kulipia nyingine.

Afya

Watu wa Mombasa tuna kiburi cha malaria, tunasema tumeizoea. Kinga hiyo hupungua kwa anayeishi mjini na kulala chini ya neti, na mtu mzima wa Nyali anaweza kulazwa na homa ambayo mwenzake wa Muheza angeifanyia kazi shambani. Ongeeni na daktari kuhusu dawa za kinga: doksisaiklini huanza siku moja au mbili kabla ya safari na kuendelea kwa wiki nne baada ya kurudi, na wengi huiacha mara tu wanapofika nyumbani, wakati vimelea bado vinaweza kuwa mwilini. Yeyote atakayepata homa ndani ya wiki chache baada ya kurudi apimwe malaria siku hiyo hiyo na amweleze daktari alikotoka.

Chanjo ya pepopunda na ya homa ya matumbo zikaguliwe. Mbwa akimng'ata mtu, jeraha lioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15 nzima, kisha aende hospitali bila kungoja kuona kama mbwa atakufa. Msitegemee SHA, bima ya afya ya serikali ya Kenya, kulipa matibabu ya ng'ambo. Kateni bima ya safari kwa kila mtu, na mwandike kwenye karatasi mlizo nazo wote njia ya kufika Hospitali Teule ya Muheza na Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Bombo iliyoko Tanga mjini.

Watoto na picha

Kila anayesafiri ajaze fomu, atoe cheti cha tabia njema kutoka polisi na atie sahihi kanuni za ulinzi wa watoto, mzee wa kanisa sawasawa na kijana wa kwaya. Kanuni zenyewe ni chache: hakuna mtu mzima kubaki peke yake na mtoto asiye wake, hakuna kumchukua mtoto matembezini, hakuna kubadilishana namba za simu na watoto, na shaka yoyote ifikishwe kwa watu wawili waliotajwa mapema, mmoja wa kikundi na mmoja wa kijijini. Sisi wa pwani tumeona vya kutosha watu walioficha uovu nyuma ya ukarimu, kwa hiyo asiudhike anayeulizwa.

Picha zipigwe kwa ruhusa ya mhusika, na kwa mtoto ruhusa ya mzazi. Kenya ina sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya 2019 na Tanzania ina yake ya 2022, lakini kipimo cha haraka ni hiki: kama picha hiyo angepigwa mwanao Kisauni akiwa na kamasi na nguo iliyochanika, ungekubali iwekwe kwenye skrini ya kanisa la watu wengine?

Njiani na kufika

Ondokeni alfajiri, kabla kivuko cha Likoni hakijafurika, au mpite barabara ya Dongo Kundu, kisha mshike njia ya Ukunda na Msambweni hadi Lunga Lunga. Mpaka huo ni kituo cha pamoja; anayetoka Kenya humaliza shughuli za nchi zote mbili upande wa Horohoro. Gari la kanisa liwe na nakala ya hati ya umiliki, Kadi ya Njano ya COMESA kwa bima, na kibali cha muda kutoka forodha. Mifuko ya plastiki iacheni nyumbani, kwani Tanzania iliipiga marufuku Juni 2019 kama sisi tulivyofanya 2017. Laini ya simu ya huko husajiliwa kwa pasipoti na alama za vidole, basi tengeni muda wa shughuli hiyo mkifika Tanga.

Kijijini, kabla ya kushusha mizigo, mratibu na mchungaji mwenyeji wapite ofisi ya afisa mtendaji wa kijiji na kwa mwenyekiti wa kijiji, wajitambulishe na waandike kitabu cha wageni. Imamu wa msikiti wa jirani akipelekewa salamu siku hiyo hiyo, mtakuwa mmeanza vema. Salamu zisifanywe kwa haraka ya kimjini. Mzee apewe shikamoo yake, aulizwe habari za nyumbani na za shamba, nanyi msubiri amalize kujibu.

Siku za kazi zifuate saa za kijiji. Ibada ya Jumapili iongozwe na wenyeji. Mgeni akipewa dakika kumi za kusalimu, zisizidi kumi. Na katika wiki nzima neno la kuchungwa kuliko yote ni ahadi. "Tutaangalia" ya mtu wa Mombasa hupokelewa kijijini kama "tutaleta", kwa hiyo mtu mmoja tu awe na ruhusa ya kuzungumzia msaada wa baadaye, na yeye aseme lile lililokwisha kupitishwa na kamati.

Baada ya kurudi

Ndani ya wiki mbili mtunza hazina atoe hesabu kamili kanisani, risiti kwa risiti, na nakala ya hesabu ya kazi itumwe kwa mwenyeji ili wao wailinganishe na yao. Taarifa inayosomwa kwa washirika isihesabu watu walioshikwa mkono na watoto walioimba. Ieleze kazi ilifika wapi, nani anaiendeleza na nini kilikwama.

Baada ya miezi mitatu mratibu ampigie simu yule mtu ambaye jina lake liliandikwa mwanzoni, aulize kama walimu wa shule ya Jumapili bado wanakutana na kama daftari la akina mama bado linalingana. Mchungaji naye aulizwe, kwa upole na bila haraka, kama mwaka ujao angependa kikundi kirudi, au angependelea nauli ile ile imlipie mwalimu mmoja ada ya chuo cha Biblia. Akisita kujibu, mpigieni katibu wa halmashauri yake siku nyingine mumuulize swali hilo hilo, kisha kamati ipange bajeti kwa kufuata jibu hilo.